Wasafiri Wasiolipa Nauli

Msomaji, iwapo umewahi kupanda matatu ya Nanyuki kwenda Meru, huenda ulipita juu ya vichwa vya ndovu bila habari. Baada ya kuuacha mji mdogo wa Timau, barabara hukata katikati ya mashamba makubwa ya ngano na shayiri. Abiria wengi wakati huo huwa wamejikunyata ndani ya makoti kwa sababu ya baridi. Wengine husinzia, na walio macho hutazama upande wa kulia uliko mlima. Ni wachache mno wanaotambua kwamba mahali fulani pale barabara imejengwa kama daraja, ingawa chini yake hapapiti mto.

Daraja hilo lilijengewa ndovu.

Naam, ndovu. Hasa usiku, magari yanapopungua, ndovu hutoka msitu wa Mlima Kenya, wakateremka kwa utulivu, wakapita chini ya lami na kuendelea na safari hadi msitu wa Ngare Ndare. Kutoka hapo wanaweza kuingia nyanda za Lewa na Borana, na wengine husonga mbele hadi nchi kavu ya Samburu. Hao ni wasafiri wa mbali kweli kweli, nao hawana tikiti, hawana mizigo wala hawalipi nauli.

Leo twakualika uifuate njia yao. Usidhani ni hadithi ya wanyama tu. Kabla hatujafika mwisho utaona kwamba yakuhusu hata wewe unayeishi Umoja, Buru Buru au Kisauni, hasa ikiwa unaweka akiba ununue ploti.

KWA NINI WASITULIE?

Swali ambalo watoto huuliza kwanza ni hili: kwa nini ndovu asikae msituni mwake akatulia?

Jibu la kwanza liko tumboni. Ndovu mkubwa anaweza kula hadi kilo 150 za nyasi, majani, maganda na matawi kwa siku moja, na kunywa maji zaidi ya lita 100. Familia ya ndovu kumi ikifungiwa mahali pamoja mwaka nenda mwaka rudi, itapamaliza. Ndiyo sababu huhama. Mvua ikinyesha nyanda za chini, nyasi changa huchipuka nao huteremka kuzifuata. Kiangazi kikishika na mito ya huko kukauka, hurudi mlimani ambako maji hayakosi.

Jibu la pili ni la ndoa. Jamii nyingi nchini mwetu zina miiko ya kuoana ndani ya ukoo mmoja, na ndovu nao wana utaratibu wao. Dume akibalehe huondoka katika familia ya mama yake, akaenda kujitafutia maisha na hatimaye mchumba kwingine. Lakini dume aliyefungiwa atampata wapi mchumba asiye ndugu yake? Vizazi vikizidi kuzaliwa na damu ile ile, hudhoofika na kupoteza nguvu ya kupambana na magonjwa.

Jibu la tatu ni mafunzo. Familia ya ndovu huongozwa na jike mzee, nyanya wa wote. Yeye ndiye akumbukaye chemchemi ipi haikauki na bonde lipi lina udongo wenye chumvi. Ndama ambaye mama yake humbeba mimba kwa miezi 22 huanza kuifuata njia hiyo akiwa angali ananyonya, na akikua atawaongoza wake. Ni kana kwamba ndovu waliisikia ile methali ya mwacha asili ni mtumwa, wakaapa kutoiacha.

NJIA ILIPOZIBWA

Zamani hapakuwa na haja ya kuzungumza juu ya mapito ya wanyama, maana nchi yote ilikuwa mapito. Katika karne ya 20 mambo yakabadilika. Miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya ina udongo mzuri, hivyo ikagawanywa kuwa mashamba. Pakalimwa ngano, shayiri na viazi, na baadaye maua ya kuuzwa ng'ambo. Barabara ikapita, miji ikazuka na nyaya zikanyoshwa.

Msitu wa mlima ukabaki kama kisiwa. Ndovu wake, waliokadiriwa kuwa 2,000 hivi, wakawa kama wafungwa. Ng'ambo ya mashamba walikuwapo wenzao wa Laikipia na Samburu, ambao idadi yao yapita 7,000 na ambao ndio kundi la pili kwa ukubwa nchini baada ya lile la Tsavo. Kati ya makundi hayo mawili palikuwa na kilomita chache tu, lakini kilomita hizo zilikuwa za watu.

Ndovu waliendelea kupita palepale walipopita nyanya zao. Mkulima aliyengoja mavuno kwa miezi kadhaa aliamka asubuhi akakuta shamba limekanyagwa kama uwanja wa mpira. Watu waliumizwa, wengine wakauawa, na ndovu nao wakauawa kwa kulipiziwa kisasi. Ukimwuliza mkulima, atakuambia ndovu ameingia kwake. Ndovu naye lau angelikuwa na ulimi wa kunena, bila shaka angelisema ni mkulima aliyejenga njiani.

KILOMITA 14

Suluhisho lilihitaji kwanza kujua ndovu wenyewe wanataka kupita wapi. Hapo ndipo wataalamu walipotumia mikanda ya shingoni yenye mitambo inayotuma habari kupitia setilaiti. Ndovu hudungwa dawa ya usingizi, akavishwa mkanda, akaamka na kwenda zake. Tangu hapo kila aendapo huonekana kama alama kwenye ramani. Shirika la Save the Elephants, lililoanzishwa mwaka wa 1993, ndilo lililojulikana sana kwa kazi hiyo katika sehemu za Samburu na Laikipia.

Alama zikiunganishwa, zilionyesha mahali ambapo ndovu walikuwa wakijaribu kupenya. Mashamba makubwa mawili, Marania na Kisima, yakakubali kutenga sehemu ya ardhi yao. Shirika la Mount Kenya Trust, hifadhi ya Lewa, Shirika la Huduma za Wanyamapori la KWS na wafadhili wengine wakaingia kati. Ukapatikana ukanda wa kilomita 14 hivi, wenye ua wa stima pande zote mbili, ili ndovu apite bila kuingia shambani na mkulima alale bila kukesha akipiga debe.

Hata hivyo kilibaki kikwazo kimoja kikubwa, nayo ni barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru. Ndovu na lori la mchanga wakikutana gizani, hakuna anayebaki salama. Ikaamuliwa kwamba magari yapite juu na wanyama chini. Wengi walitilia shaka. Je, mnyama mwenye woga na akili kama ndovu angekubali kuingia kwenye shimo la saruji, magari yakinguruma juu yake?

Kazi ilimalizika mwishoni mwa mwaka wa 2010. Haikuchukua hata majuma mengi. Mwanzoni mwa 2011 dume mmoja aliyepewa jina la Tony alipita, akafika upande wa pili akiwa mzima. Baada yake wakafuata wengine, kisha familia nzima pamoja na ndama. Njia hiyo yatajwa kuwa ya kwanza barani Afrika kujengewa ndovu chini ya barabara kuu. Wanyama wengine nao hawakungoja kualikwa. Wakaanza kuitumia.

Mnamo 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilipanua eneo la Mlima Kenya lililo katika orodha ya turathi za dunia tangu 1997, likajumuisha hifadhi ya Lewa na msitu wa Ngare Ndare. Mlima na nyanda za chini zikahesabiwa kuwa kitu kimoja, na kinachoziunganisha ni ukanda huo mwembamba.

DUME ALIYEVUNJA UA

Huwezi kusimulia habari za njia hii bila kumtaja ndovu aliyejulikana kwa jina la Mountain Bull, yaani dume wa mlimani. Huyu alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 40, mkubwa wa mwili na mtundu wa kupindukia. Aligundua jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa sayansi angelipewa alama kwalo: kwamba pembe haipitishi stima. Basi akawa anatumia pembe zake kukata nyaya na kung'oa nguzo, akapita, na wenzake wakapita nyuma yake.

Wenye mashamba walimlaani, lakini watafiti waliokuwa wamemvisha mkanda walijifunza mengi kutoka kwake. Safari zake kati ya mlima na nyanda za chini zilikuwa ushahidi kwamba njia ya zamani ingalipo kichwani mwa ndovu hata baada ya miaka ya kuzibwa. Ukanda ulipofunguliwa, naye alikuwa miongoni mwa walioutumia. Hata hivyo hakuacha tabia yake ya kuvunja ua, na mwaka wa 2012 pembe zake zilipunguzwa ili kumwondolea silaha.

Mnamo Mei 2014 mzoga wake ulipatikana ndani ya msitu wa Mlima Kenya. Wawindaji haramu walikuwa wamemwua na kuchukua hata kile kipande cha pembe kilichokuwa kimesalia. Mwezi huo huo kule Tsavo aliuawa Satao, ndovu mwingine mashuhuri, ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi.

Kifo cha Mountain Bull kiliwafunza wengi kwamba njia peke yake haitoshi. Ua humzuia ndovu asile viazi, na daraja humwepusha na lori, lakini bunduki haizuiwi na ua wala daraja. Serikali ilipitisha sheria ya wanyamapori mwaka wa 2013 yenye adhabu kali, na mwaka wa 2016 tani 105 za pembe zilichomwa moto katika Mbuga ya Nairobi, mbele ya macho ya ulimwengu. Hesabu ya wanyama ya mwaka wa 2021 ilionyesha kuwa nchini mlikuwa na ndovu 36,280. Ni idadi ya kutia moyo, lakini haifai kutufanya tulale.

NA MKULIMA JE?

Haitakuwa haki kumsifu ndovu tukamsahau jirani yake. Sheria hiyo ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Lakini waishio karibu na misitu wamelalamika mara nyingi kwamba fidia huchelewa, na mjane hawezi kuwalisha watoto ahadi. Anayeumizwa na ndovu si mtalii anayempiga picha wala msomaji wa gazeti aliye mjini. Ni mama aliyeenda kuteka maji alfajiri.

Ndiyo maana ukanda huu hauna budi kumfaa binadamu pia. Mwaka wa 2012 ulianza kujengwa ua wa stima kuuzunguka msitu wa Mlima Kenya ili kulinda mashamba, nao huacha nafasi mahali pa mapito. Mkulima aliye nyuma ya ua anapata mavuno yake, na ndovu anapata njia yake. Wote wawili wakipata, chuki hupungua.

Aidha, ndovu ni mkulima kwa namna yake. Hula matunda, akatembea mbali na kuangusha mbegu pamoja na mbolea. Msitu unaootoshwa hivyo ndio unaohifadhi maji ya mlima, na maji hayo huingia mto Tana unaoendesha mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Sehemu ya stima inayowasha taa ukisoma gazeti hili usiku hutoka huko.

KITENGELA, SOMO LA KARIBU

Sasa turudi mjini, maana somo lenyewe liko karibu kuliko Timau.

Mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1946, ina ukubwa wa kilomita 117 mraba pekee. Kwa mbuga ya wanyama hilo ni eneo dogo sana. Iliweza kuwalisha nyumbu na punda milia wengi kwa sababu upande wake wa kusini uliachwa wazi. Mvua ikinyesha, wanyama walivuka mto Mbagathi wakaenda nyanda za Kitengela na Kaputiei. Kiangazi kikifika walirudi mbugani kunywa maji. Hayo nayo yalikuwa mapito ya mwendo mrefu, tena mlangoni pa jiji.

Kisha zikaja ploti. Ardhi ya malisho iligawanywa, ikauzwa ekari kwa ekari, halafu robo kwa robo, halafu vipande vya futi hamsini kwa mia. Kila mnunuzi akapigilia nguzo zake na kunyosha seng'enge. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kuwafungia nyumbu njia. Kila mmoja alitaka tu mahali pa kujenga na kuacha kodi ya nyumba. Lakini watafiti walioilinganisha hesabu ya mwaka wa 1978 na ile ya 2011 walikuta kwamba nyumbu wa nyanda hizo wamepungua kutoka 26,800 hivi hadi chini ya 3,000.

Juhudi zimefanywa. Tangu mwaka wa 2000 kumekuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi kiasi fulani kwa kila ekari kwa mwaka ili wasiweke ua wala kuuza. Familia nyingi za Wamaasai zilijiunga, zikapata karo ya watoto. Hata hivyo malipo hayo ni madogo yakilinganishwa na bei ya ploti moja, na anayeishika pesa hiyo ya ploti ni mimi na wewe wa mjini.

Hapo ndipo Timau na Kitengela zinapokutana. Kule mlimani palihitajika mashamba mawili makubwa kukubaliana, na jambo likawezekana. Ardhi ikishagawanywa kwa watu elfu moja, ni nani atakayewaita mkutanoni? Mji wa Nanyuki nao wapanuka, na matangazo ya ploti zenye mandhari ya mlima yamejaa kila mahali. Njia ikikatwa vipande hivyo, hata pesa za wafadhili haziwezi kuiunga tena.

UKITAKA KWENDA

Ukanda wenyewe haukutengwa kwa matembezi ya watu, na ni vizuri uwe hivyo. Lakini waweza kutembea kwa miguu katika msitu wa Ngare Ndare, ambao ndovu huupitia wakitoka mlimani. Nanyuki ni umbali wa kilomita 200 hivi kutoka Nairobi. Kutoka hapo utafuata barabara ya Meru hadi Timau, kisha utashika njia ya kwenda msituni.

Msitu huo husimamiwa kwa ushirikiano na wenyeji wa vijiji vya karibu, na wageni huongozwa na askari wa msitu. Mna miti mikubwa ya mutarakwa na mutamaiyu, maporomoko yenye vidimbwi vya maji ya buluu, na daraja la kamba na waya lenye urefu wa mita 450 hivi lililoning'inizwa juu kati ya miti. Mtoto atakayetembea juu yake hataisahau siku hiyo, na mzazi mwenye kizunguzungu pia hataisahau.

Wenye miguu mepesi wana fursa nyingine. Tangu mwaka wa 2000 mbio za marathoni zimekuwa zikifanyika ndani ya hifadhi ya Lewa mwezi wa Juni, wakimbiaji wakipita penye vifaru na ndovu huku askari wakilinda.

Haya hapa ya kuzingatia:

Chukua sweta na koti la mvua hata kama Nairobi kuna jua. Timau ni baridi. Vaa viatu vilivyofunika mguu mzima.

Epuka nguo nyeupe au nyekundu, na manukato uyaache nyumbani. Ndovu haoni vizuri sana lakini pua yake ni kali ajabu.

Msipige kelele, na kila mtoto awe na mtu mzima wake. Usimpite askari anayewaongoza hata kwa hatua moja.

Mkimwona ndovu amepanua masikio na kuinua mkonga, anawaambia mmesogea mno. Rudini nyuma polepole kama askari atakavyoelekeza. Usikimbie ovyo.

Takataka zote rudini nazo.

Asiyeweza kwenda mbali ampeleke mtoto Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, atazame sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyepewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka wa 1970 na kufa 1974. Ukubwa wake utamweleza mtoto mambo ambayo kitabu hakiwezi.

Na siku ile wakala atakapokupeleka kuona ploti, usimwulize habari za barabara, maji na stima pekee. Mtafute mzee wa pale, umwamkue, umwulize wanyama walipita wapi alipokuwa kijana na kama wangali wanapita. Akikuonyesha kwa kidole kwamba ni hapo hapo uliposimama, basi tafuta ploti nyingine. Utakuwa umejiepusha na usiku wa kuvunjiwa ua, na utakuwa umemwachia nyanya mmoja wa ndovu njia ya kuwapitishia wajukuu wake.